Kutoka Oldonyo Sambu Mpaka Kikatiti, Juu ya Baiskeli

Tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Kanisani mnauliza, bombani mnauliza, na juzi Mama Nderingo alinisimamisha katikati ya njia akiwa na debe la pumba kichwani, anataka kujua kama ni kweli nilizunguka mlima kwa baiskeli nikiwa na kofia ya plastiki. Ni kweli. Ila sikuzunguka mlima wote. Nilizunguka nusu, na msiongeze. Naandika hapa mara moja, mpeane, msome, halafu mniache nipalilie maharage yangu. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu aende kwa mchungaji.

Mnamjua Elinipa, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe. Yuko mjini, Sekei, anafanya kazi kwa bwana mmoja aitwaye Godlisten, anayetembeza watalii kwa baiskeli. Elinipa alisomea cheti cha kuongoza wageni, lakini pale kwa Godlisten vijana wa kiume wanapewa wageni, yeye anapewa pancha. Anaziba, anaosha, anapaka grisi cheni. Akaenda kumwambia bosi wake kwamba amechoka kuziba, anataka kuongoza. Godlisten akamjibu hivi: wageni wangu wengi ni wazee, wastaafu, wabishi. Nitafutie mtu mzima mbishi, umtoe Oldonyo Sambu umfikishe Kikatiti kwa siku moja, magurudumu tu, bila gari. Jioni nitamuuliza yeye mwenyewe ulivyomtendea.

Elinipa akasema, mtu huyo ninaye.

Ndiyo hivyo. Kunyonga baiskeli mnajua nilijifunza ukubwani, baba watoto alipoumia mgongo na maziwa yakawa lazima yafike Usa River. Wakati ule mlinisema sana. Maziwa yalifika.

OLDONYO SAMBU

Jinsi tulivyofikishwa kule asubuhi naruka, ni gari tu, hakuna la kusimulia. Naanza pale niliposhuka nikageuka.

Kwanza mlima. Sisi wa huku tumezoea kuuona Meru umemeguka ubavu, kama chungu kilichovunjika mdomo. Nilidhani ndivyo ulivyo. Kumbe upande ule umekamilika! Umesimama mzima, umechongoka, hauna pengo hata moja, na asubuhi ile haukuwa na wingu. Nilibaki nimeshika baiskeli, nikaona haya kidogo, kama mtu aliyeishi na jirani miaka yote akimwona mgongo tu.

"Bibi, twende," Elinipa akasema.

"Ngoja. Naangalia."

Nchi ya huko ni kavu. Vumbi lake ni la kijivu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili, na upepo unatoka bondeni kule Longido unakuja kukupiga kifuani kana kwamba unakudai maelezo. Lakini mnaona mbali! Kwetu ukiangalia unaona mgomba, na nyuma ya mgomba ni mgomba. Kule jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe.

Baiskeli niliyopewa ina gia nyingi kuliko akili yangu, na siti nyembamba kama mwiko. Nilimwambia Elinipa kwamba aliyeibuni siti ile hana bibi. Ndani nilivaa suruali ya michezo, juu kitenge nilichokikunja nikakifunga kwa mpira kisiingie kwenye cheni, kizibao cha njano cha kung'aa, na kofia ngumu juu ya kilemba. Elinipa alitaka nivue kilemba. Nikamwambia atavua ngozi yangu kwanza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia. Mimi nimelelewa hivi: mtu aliye juu ya baiskeli hamsalimii mtu mzima akiwa amekaa huko juu kama yuko kwenye kiti cha enzi. Anashuka, anaishika baiskeli, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu zote, ndipo anapanda tena. Na kwenye msiba hapiti amepanda, hata kama hamjui aliyekufa. Elinipa nilimlea hivyohivyo. Lakini alipopanga safari yake alipanga milima, alipanga maji ya kunywa, alipanga pancha. Salamu hakupanga.

Na njia ile ya vumbi, kando ya lami, imejaa wazee.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Kiarusha na ng'ombe zake, amejifunga shuka, fimbo begani. Nikashuka.

"Takwenya, koko," akanisalimia. Koko ndiyo bibi kwa lugha yao.

"Iko," nikajibu, hiyo naijua. Halafu tukahamia Kiswahili, maana Kimasai changu kinaishia hapo.

Akaizunguka baiskeli yangu mara mbili. "Huyu punda wako wa chuma, anakula nini?"

"Anakula magoti yangu."

Mzee akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Akauliza ninatoka wapi, nikamwambia Kikatiti. Akauliza ninakwenda wapi, nikamwambia Kikatiti. Akamtazama Elinipa, akamuuliza taratibu kama niko sawa kichwani. Ikabidi tumweleze yote, na alipoelewa akakataa tuondoke bila kuonja kitu kwa mkewe. Boma lilikuwa palepale. Tukaletewa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakalazwa kwenye maziwa ya mgando, baridi, uchachu wa kukufungua macho. Kwetu tunaipika pia, msiniambie hatuipiki, lakini maziwa ya kule yana moshi wa kibuyu. Nasema ukweli, yametushinda.

Elinipa alikula amesimama, jicho kwenye simu.

"Kaa chini ule kama mtu," nikamwambia.

Akakaa.

NGARAMTONI MPAKA ELERAI

Kutoka pale ni mteremko. Nisiwadanganye, nilifurahi. Unaacha kunyonga, unashika breki kidogo tu, upepo unaingia kwenye mikono ya blauzi, na mlima unakwenda na wewe pembeni, unabadilika kila ukigeuka: hapa umevaa msitu, pale umetoa bega la jiwe. Miti, Waarusha wanaiotesha kwenye mipaka, mahindi yako katikati, na watoto wanatoka mbio kutoka kila ua. "Bibi! Bibi anaendesha!" Mmoja alinikimbilia muda mrefu sana, anapiga makofi. Mimi huwa sipungi mkono ovyo, lakini huyo nilimpungia.

Ngaramtoni ilikuwa siku ya soko. Elinipa alisema tupite katikati, ni karibu. Haikuwa karibu. Tuliingia kwenye mitumba, tukatoka kwenye vitunguu, tukaingia kwenye mbuzi. Vijana wa bodaboda hawakuninyamazia.

"Bibi, nikusukume?"

"Bibi, shindano ni lini?"

"Niuzie hiyo kofia, bibi, nina mama mkwe mkali!"

"Mpelekee adabu kwanza," nikamjibu, "kofia haitamsaidia." Wenzake walimzomea mpaka akajificha nyuma ya pikipiki yake.

Elerai ndiko tulikopata kichekesho. Tulitafuta mahali pa kunywa chai, tukaegesha baiskeli mbele ya nyumba moja yenye genge la vyakula. Dirisha likafunguka kidogo, likafungwa. Mlango ukafungwa. Halafu sauti ya mama ikatoka ndani: "Nimeshalipa jamani! Msinikatie, nina watoto!"

Alituona na vizibao na kofia ngumu, akadhani ni watu wa maji wamekuja kumkatia.

"Tunataka chai!" Elinipa akapaza sauti.

"Hata chai nimelipa!"

Nikavua kofia ili aone kilemba. Akachungulia, akaniona, akafungua huku amejishika mdomo. "Shikamoo bibi! Nisamehe, nilikuona ni mtu wa bomba." Alitukaangia mihogo, akatuwekea pilipili ya ndimu, akakaa na sisi akicheka peke yake kila akinitazama. Mihogo ile ilikuwa mikavu kwa nje, laini ndani, haina mafuta ya kunuka. Mwanamke anayekaanga hivyo hahitaji kumwogopa mtu yeyote.

Jua lilikuwa limeshatupita juu ya kichwa. Nilimwona Elinipa anavyotafuna haraka.

SEKEI

Godlisten alikuwa anatungoja kwenye uwanja wake wa baiskeli. Ni mtu mfupi, mwenye ndevu za kijivu, mpole wa sauti. Nilitarajia mwenye majivuno, sikumkuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwongozaji wako anakutendeaje?"

"Si ulisema utaniuliza jioni? Uliza jioni."

Akatabasamu. Halafu akamgeukia Elinipa, tabasamu likaondoka. "Mmechelewa. Njia iliyobaki ni ndefu kuliko unavyoifikiria, ina makorongo. Kikatiti kabla ya giza. Ukinipigia nije na gari, mtihani umeishia hapo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nyuma yake kulikuwa na vijana wawili waongozaji, wamejiegemeza ukutani. Mmoja akamwambia Elinipa, "Usijali, pancha zako tumekuwekea, utazikuta." Mwenzake akacheka. Elinipa alijaza maji chupa zangu, akapima upepo wa tairi zangu kwa kidole gumba, akazipulizia pampu kidogo, akapanda. Nilimpenda sana kwa hilo, lakini sikumwambia.

Nami nikaelewa vizuri pale kwamba safari hii si ya mchezo. Kama hatufiki, mtoto huyu atazeeka na gundi ya pancha mikononi.

NJIA YA JUU, NA MSIBA WA AKHERI

Kutoka Sekei hatukufuata barabara kuu. Tulishika njia ya juu inayopita kwenye migomba na kahawa, inakatiza makorongo mpaka Akheri. Wenzangu, kama mna wageni wanaotaka kuona uzuri, wapelekeni huko. Unashuka korongoni, baridi inakupokea, maji yanapita meupe kwenye mawe meusi, kuna mama anafua, kuna harufu ya majani yaliyooza na maua ya kahawa. Halafu unapanda. Kupanda ndiko kwenye kazi. Elinipa alinionyesha gia ndogo, ile ambayo miguu inazunguka kama unasaga na baiskeli haiendi. Lakini inakwenda! Nilipanda mwinuko ambao zamani nisingeupanda hata bila maziwa. Penye mawe mengi alishuka, akasukuma baiskeli zote mbili, moja kila mkono, mimi nikatembea nyuma na mikono mgongoni kama mkaguzi. Hakunihimiza, hakuhema kwa makusudi ili nimwonee huruma. Kila tulipofika juu aliuliza, "Magoti?" na aliningoja nijibu.

Tukatokea Akheri. Mbele yetu kulikuwa na turubai ndani ya shamba la migomba, viti, kwaya inaimba, watu wamejaa mpaka njiani. Msiba.

Tulishuka wote wawili bila kuambiana. Nikavua kofia. Tukasukuma baiskeli taratibu, vichwa chini, tupite tuende zetu. Mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni akatoka kati ya watu, akatutazama. Fikirieni tulivyokuwa: vumbi la kijivu mpaka kwenye kope.

"Poleni na safari. Mnatokea wapi?"

Nikajibu ukweli. "Oldonyo Sambu."

"Oldonyo Sambu!" Akapiga ukelele. "Kwa hizi baiskeli?"

"Kwa hizi."

Basi. Alinikumbatia akalia begani kwangu kama mtoto. "Wamefika! Ndugu wa mama wamefika! Wamekuja kwa baiskeli!" Wanawake wengine wakaja, wakatupokea baiskeli, wakatunawisha mikono, mwingine ananifuta vumbi usoni kwa kanga yake huku machozi yanamtoka. Mtamwambiaje mtu anayewalilia kwamba mnapita tu? Nikajikuta nimekaa mbele kabisa, safu ya ndugu, na sahani ya machalari mapajani, ndizi na nyama, mchuzi mzito. Wageni wa mbali wanapewa kula kwanza, ndivyo ilivyo. Nikala. Kukataa chakula cha msiba sitaki hata kukusikia.

Elinipa akaninong'oneza, "Bibi, muda."

"Kaa."

Akakaa.

Kumbe aliyefariki ni bibi mwenye umri kama wangu, ana ndugu kule upande mkavu, walipiga simu asubuhi kwamba wako njiani. Msemaji wa msiba akashika kipaza sauti. "Sasa tutasikia neno kutoka kwa wana Oldonyo Sambu, ambao kwa upendo wa marehemu wamenyonga baiskeli mpaka hapa."

Watu wakageuka. Elinipa alinishika kitenge. Nikasimama, maana nani mwingine angesimama?

Nikasema: "Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa Kikatiti. Marehemu simjui. Tulikuwa tunapita, tukashuka kwa heshima, mkatuuliza tunatoka wapi, tukajibu, mkatukalisha na kutulisha. Chakula ni kizuri sana. Poleni na msiba."

Mgomba ungeanguka mngeusikia. Halafu mzee mmoja safu ya nyuma akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, na turubai zima likamfuata, mpaka yule mama aliyenililia begani, ambaye ndiye binti mkubwa wa marehemu, akacheka huku anajifuta. Akaja akanishika mikono yote miwili. "Mama angelipenda hili," akasema. "Mama alikuwa hawezi kumwacha mpita njia. Msiondoke kabla hatujamlaza."

Elinipa alinitazama. Macho yake yalisema yote: jua, makorongo, Godlisten, pancha. Niliyaelewa. Nikayapita.

"Tutakaa," nikasema.

Naye akainamisha kichwa, kwa sababu mimi ni bibi yake na nimeshasema mbele za watu. Ndugu wa kweli wa Oldonyo Sambu walifika na gari, jeneza likiwa linanyanyuliwa, wakakuta viti vyao vina joto letu. Tulitupa udongo pamoja na wengine. Wakati tunatafuta baiskeli zetu, tulikuta zimeshafutwa vumbi, na jua limeshaegemea upande wa mjini.

TENGERU MPAKA MAJI YA CHAI

Vijana wa pale msibani walitusaidia kuvuka korongo la mwisho, wakatushusha mpaka barabarani Tengeru. Kutoka hapo Elinipa aliniwekea mwendo. Alitangulia ili upepo umpige yeye, akawa anageuka, anatazama, anapunguza, anaongeza. Sikuwahi kuongozwa hivyo. Nilikuwa nautazama mgongo wake na najiuliza ni lini mtoto huyu amejifunza kunibeba bila kunigusa. Ziwa Duluti lilibaki nyuma ya miti yake bila sisi kuliona, na mlima kwa nyuma ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, kilele chekundu kama kaa la moto. Nasema uzuri ule nisingeuona ndani ya gari. Ndani ya gari ningekuwa nimelala.

Usa River tulipita bila kushuka. Wazee wawili niliwasalimia nikiwa nimepanda. Mungu anisamehe, na wao pia.

Tulipoingia Maji ya Chai taa za maduka zilikuwa zimeanza kuwaka. Malori yanatoka mpakani, yanakwenda Moshi, yanapita yanakuvuta kitenge. Elinipa akanyoosha mkono, akasimama kando, penye wauza ndizi.

"Bibi, tunaishia hapa."

"Hapa ni Maji ya Chai."

"Najua."

"Kikatiti ni hapo mbele tu."

"Najua, bibi. Giza limeingia. Nampigia aje na gari."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Elinipa. Unajua unachokitupa?"

"Najua kuliko wewe."

"Basi panda unyonge. Nimekuchelewesha mimi, nitafidia mimi. Mimi ndiye mgeni, na mgeni anataka kufika."

"Mgeni hataniamulia hapa."

Nikaona sina la kubishana na mtoto. Nikapanda. Akashika kiti cha baiskeli yangu kwa nyuma.

"Niachie."

"Siachi."

"Elinipa, niachie, nimekulea!"

"Ndiyo maana siachi!"

Nikakanyaga pedeli, naye akavuta, akanishika mkono, akanishusha. Ndiyo, alinishusha, kwa nguvu, mimi, mbele ya watu. Akainyakua baiskeli akailaza mtaroni, akasimama kati yangu na baiskeli, mikono ameitanua kama anazuia kuku wasiingie bustanini.

Wauza ndizi wakaanza. "We binti! Unampiga bibi?"

"Simpigi, namzuia!"

"Amemnyang'anya baiskeli!" mwingine akapiga kelele. "Mwizi! Mwizi wa baiskeli huyo!"

Mnajua neno hilo likitamkwa barabarani linaleta nini. Watu walianza kuvuka kutoka upande wa pili, na mmoja alikuwa na kipande cha ubao. Elinipa hakukimbia. Hakujitetea tena. Aliendelea kunitazama mimi tu, kuona kama nitajaribu kuchukua baiskeli.

Ndipo nikasimama mbele yake nikawageukia. "Nani kasema mwizi? Huyu ni mwongozaji wangu! Kazi yake ni kunizuia, na ananizuia. Rudini kwenye ndizi zenu!"

Wakasimama. Yule wa ubao akauliza, "Sasa bibi, mbona mnavutana?"

"Kwa sababu nina kichwa kigumu. Una swali lingine?"

Akaushusha ubao. Mama mmoja akatuletea vibao tukae, na maembe mawili. Elinipa akatoa simu, akampigia Godlisten. Nilisikia alivyosema: "Nimeshindwa kumfikisha kabla ya giza. Tuko Maji ya Chai, tuko salama. Njoo na gari." Kisha akaiweka simu mfukoni, akakaa, akalia kimya, machozi tu. Nilimmenyea embe. Hakula.

Sijui kama kuna lori lingetugonga pale mbele. Hakuna anayejua. Huenda tungefika, tukapigiwa vigelegele, na leo ningewaandikia jambo lingine.

KIKATITI

Godlisten alikuja na pikapu, peke yake. Akaziweka baiskeli nyuma, akanifungulia mlango wa mbele. Elinipa alikaa kiti cha nyuma. Godlisten alipotufikisha hapa nyumbani, mbele ya mlango wangu, akazima injini.

"Mama, nilisema nitakuuliza jioni. Nauliza."

Nilikuwa bado na hasira, nawaambia ukweli. Mkono ulikuwa unaniuma pale aliponishika. Nikasema, "Asubuhi alikuwa na wasiwasi mno, anatazama simu kuliko anavyonitazama mimi. Ngaramtoni alinipitisha katikati ya mbuzi bila sababu. Akheri alipaswa kuniambia nisimame tuondoke, akaniogopa. Kuchelewa kulianzia kwangu, lakini yeye ndiye mwongozaji."

Nilimsikia Elinipa akivuta pumzi.

"Na Maji ya Chai?" Godlisten akauliza.

"Maji ya Chai hakuniogopa."

"Alifanyaje?"

"Alininyang'anya baiskeli akaitupa mtaroni. Watu wakataka kumpiga, hakusogea."

Godlisten alishika usukani kwa mikono miwili. "Kijana wangu mmoja," akasema, "mgeni mzee alimwambia twende tu, giza si kitu. Kijana akaona aibu kumkatalia mtu mzima. Wakaenda." Hakumaliza. Nikayakumbuka yale malori ya Maji ya Chai. "Tangu hapo njia naweza kuwafundisha, baiskeli naweza kuwafundisha. Hilo la kumkatalia mtu mzima nimeshindwa kulifundisha. Mmelelewa vizuri mno ninyi."

Akageuka nyuma. "Elinipa, umeshindwa kufika. Hilo umeshindwa, na njia ya juu utaipanga upya, salamu zote ndani yake. Wiki ijayo nina wazee watano wa Kiholanzi. Ni wako. Mmoja ni mbishi kuliko bibi yako."

"Hayupo," nikasema.

Alipoondoka, Elinipa hakurukaruka wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, akanipashia maji, akapiga magoti anikande mkono pale palipokuwa pekundu. Akasema, bila kuniangalia, "Bibi, nisamehe kwa kukushika vile mbele za watu."

Nikamwambia akande vizuri, asipapase. Halafu nikamwambia kwamba siku nyingine anishike mapema. Anishike kule Akheri, nikiwa nimeshamaliza kula.